Goti la Mama na Sindano ya Seli: Habari Hii Ilikotoka

Leo nazungumza na wewe mama wa Kayole, Umoja, Dandora au Kaloleni, unayepanda ngazi na mtungi wa maji wa lita 20 huku goti likiuma, na wewe unayemtunza nyanya asiyeweza tena kuchuchumaa. Huenda umeambiwa kuna sindano ya seli shina inayootesha goti upya, na kwamba ni afadhali uchukue mkopo wa chama uilipie. Kabla hujatoa pesa hizo, sikiliza.

Ukila paja la kuku, mwisho wa mfupa utaona kitu cheupe kinachoteleza. Hicho ndicho gegedu. Lako likilika, goti huuma, huvimba na kukaza asubuhi. Mwaka 1743, huko London, daktari William Hunter aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Halina mishipa ya damu, kwa hivyo haliponi kama ngozi ya mtoto aliyejikwaruza.

Mwaka 1987 madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walianza kuchukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa, kuzalisha seli zake maabarani, kisha kuzirudisha gotini kwa upasuaji. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa mwaka 1994, na wengi wao walipata nafuu. Lakini hapa, mama, ndipo watu huchanganya mambo. Mkubwa wao alikuwa na miaka 48, na gegedu lao lilikuwa kama barabara yenye shimo moja. Goti la nyanya lililosagika ni barabara iliyokwisha lami yote.

Seli shina ni habari nyingine. Alexander Friedenstein wa Muungano wa Kisovieti alizichunguza katika uboho wa mifupa tangu miaka ya 1960. Mwaka 2012 Korea Kusini iliidhinisha dawa ya goti iliyotengenezwa kwa seli za damu ya kitovu (ndiyo, kitovu kile kile tunachokata leba). Hiyo nayo huwekwa kwa upasuaji, si kwa kuchomwa sindano.

Sindano zenyewe zilipimwa Marekani kwa wagonjwa 475, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Aina tatu za seli zililinganishwa na sindano ya kawaida ya steroidi, iliyo rahisi zaidi. Baada ya mwaka mmoja, hakuna iliyoishinda.

Basi ukiuziwa sindano hiyo, uliza seli zimetoka wapi, na nani ameidhinisha. Akikujibu kwa ushuhuda wa watu tu, ondoka.

Wakati huo huo, keti kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, ushushe. Rudia mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni, ili paja lipate nguvu. Punguza uzito ukiweza. Diklofenaki usinunue kila wiki dukani bila ushauri. Huchimba tumbo na kuumiza figo. Goti likishindwa kabisa, mwulize daktari kuhusu upasuaji wa kuweka goti la bandia, unaofanywa hapa hapa Nairobi. Juma lijalo tutazungumzia kisukari. Kwaheri kwa sasa.