Nyapara: Neno lililohamia mashambani

Wanafunzi wangu wakisikia ‘nyapara’ huwaza jela tu: mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wenzake. Si kosa, ila neno hili limetoka mbali. Kwa Wanyamwezi, mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu wa heshima zake, katika misafara ya pembe iliyoshuka pwani karne ya 19. Mashamba makubwa yalipofunguliwa, msimamizi wa vibarua naye akaitwa nyapara. Heshima ikapungua, kelele zikazidi!

Huku Kwale, humtaji nyapara ukawaacha vibarua wake. Wamakonde walitoka Msumbiji, hasa kuanzia miaka ya 1930, wakafanya kazi kwenye mkonge na miwa ya Ramisi, karibu na Msambweni. Kiwanda cha sukari kilifungwa 1988. Wao wakabaki, wengi bila kitambulisho. Kamusi zilikuwa zimempokea nyapara zamani, wala hazikuuliza kwao wapi. Mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa papa hapa aliulizwa kila siku. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha.