Wimbo Ulioazimwa kwa Makusudi

Wimbo wa taifa unaoimbwa na wanafunzi wa Ipagala wakiwa mstarini mbele ya bendera ndio ule ule unaopigwa Rais anapofika kulihutubia Bunge hapa Dodoma, na tuni yake haikutungwa na Mtanzania. Jambo hilo linajulikana, na wapo wanaokereka nalo. Wanauliza nchi yenye makabila zaidi ya 120, yenye manju, walimu wa kwaya na wapiga zeze wasiohesabika, ilikosaje wimbo wake yenyewe hata ikaenda kuazima wa watu. Swali ni la haki na halistahili kujibiwa kwa kejeli. Ila kuna dhana iliyojificha ndani yake, kwamba tuliazima kwa sababu tulipungukiwa, na hiyo ndiyo ninayoipinga. Ukiziweka tarehe mezani na kuzisoma pamoja na mambo yaliyokuwa yakitokea Afrika nzima, utaona kwamba Tanganyika ya 1961 iliuchukua wimbo huu ikijua vizuri ulikotoka, na kwamba kuuchukua kulikuwa tamko la siasa ya nje hata kabla nchi haijawa na balozi ugenini.

Mtunzi ni Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya, Mxhosa aliyefundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio mwaka 1897. Aliuandika kwa nota zile zile ambazo mwalimu wa kwaya wa Dodoma anazijua mpaka leo: herufi d, r, m zikifuatana mstarini, nukta mbili zikitenganisha mapigo, mstari mmoja kwa kila sauti, wa juu wanawake, wa chini besi. Nota hizo hazihitaji kinanda wala karatasi maalumu, zinaenea katika daftari la kawaida, na ndiyo sababu nyimbo za misheni zilisafiri kwa kasi kusini mwa Afrika bila kupitia kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumbariki mchungaji Boweni. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, na wimbo wake haukuwa umetoka nje ya duru za kwaya na kanisa.

Kilichoubadilisha ni siasa. Januari 1912 Waafrika waliokutana Bloemfontein kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC waliuimba mkutanoni. Mwaka 1923 Solomon Plaatje, mmoja wa waasisi wa chama hicho, aliurekodi kwenye santuri mjini London. Mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo wake rasmi wa kufungia mikutano, na mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi akauongezea beti. Kwa hiyo ulipofika Tanganyika haukuja kama tenzi ya Jumapili tu. Ulikuwa umebeba historia ya nusu karne ya watu waliokuwa wakidai ardhi na kura, na vijana wetu waliochukuliwa na WENELA, shirika la kuajiri vibarua wa migodi, kwenda migodini Afrika Kusini waliishi na kufanya kazi bega kwa bega na watu waliokuwa wakiuimba.

Sasa tazama wakati wenyewe. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Sharpeville na kuua watu 69. Kabla wiki tatu hazijaisha, ANC ilipigwa marufuku. Machi 1961 Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Kiongozi, aliandika katika gazeti la The Observer la London kwamba Tanganyika huru haitaweza kuingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itaendelea kuwemo. Mwezi Mei mwaka huo huo Afrika Kusini ikatoka. Miezi sita na kidogo baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Uingereza ikashushwa Dar es Salaam, na wimbo wa taifa jipya ukawa ule ule wa chama ambacho kule kwao kilikuwa haramu. Siwezi kuamini kwamba hiyo ni bahati tu. Serikali iliyokuwa tayari kususia Jumuiya ya Madola kwa ajili ya watu wa Sharpeville haikuuokota wimbo wao njiani bila kujua ni wa nani. Tanganyika ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kuufanya wimbo wa taifa, na kwa tendo hilo wimbo wa waliofukuzwa ukapata dola ya kuusimamia.

Maneno ya Kiswahili nayo yana ushahidi wake. Ubeti wa kwanza wote ni wa Afrika: bara linaombewa kwanza, viongozi wake na watu wake, ndipo ubeti wa pili unaigeukia nchi. Nyimbo za taifa kwa kawaida huanza nyumbani, kwa milima, mito na mashujaa wa mwenye wimbo. Wetu hauna mlima hata mmoja, na hii ni nchi yenye Kilimanjaro. Mpangilio huo unalingana na alichokuwa akikisema Nyerere wakati ule ule: mwaka 1960 alitangaza kwamba yuko tayari kuchelewesha Uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki ipate uhuru kwa pamoja ikiwa shirikisho. Shirikisho halikupatikana, lakini mpangilio wa beti ulibaki. Hata Tanganyika na Zanzibar zilipoungana Aprili 1964 na baadaye nchi kupewa jina la Tanzania, jina lililobadilishwa lilikuwa la ubeti wa pili. Ubeti wa kwanza haukuguswa, kwa kuwa ulikuwa mpana kutosha tangu mwanzo.

Pingamizi moja linalosikika ni la dini: kwamba huu ni wimbo wa kanisa uliovikwa taifa lenye Waislamu, Wakristo na wenye imani za jadi. Pingamizi hilo lingekuwa zito kama maneno yangechukuliwa yalivyo. Hayakuchukuliwa hivyo. Katika wimbo wa Kixhosa kuna sehemu nzima inayomwita Roho Mtakatifu ashuke, na kwa Mmethodisti wa Nancefield hiyo ndiyo ilikuwa kilele. Katika Kiswahili sehemu hiyo haimo kabisa. Kilichobaki ni dua kwa Mungu ambayo Sheikh na Padri wanaweza kuitikia wakiwa wamesimama bega kwa bega, na pale pa Roho pamekaa mambo ya kuombewa jamii: hekima, umoja, amani, uhuru. Mtu anayeazima bila kufikiri hachambui hivyo.

Pingamizi la pili ndilo gumu, na huku nyanda za kati linauma zaidi. Majirani zetu walitunga. Uganda ya 1962 ilipata wimbo wake kwa George Kakoma. Kenya ya 1963 iliunda tume ya wanamuziki, nao wakachukua tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Kama wimbo wa watu wachache wa Mto Tana ungeweza kuwa wa Wakenya wote, kwa nini usipatikane Ugogoni? Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kupatana, na mmisionari siye aliyewafundisha. Wana zeze, wana ilimba, wana muheme inayopigwa na wanawake ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka sauti hizo kwenye majukwaa ya Ulaya na watu wakashangaa kusikia kwamba upatanifu wa namna ile umezaliwa kwenye mbuga kavu. Nakubali basi kwamba hoja ya upungufu wa vipaji haina msingi. Lakini tuni ya Kigogo, au ya Kisukuma, au ya Kimakonde, isingeweza kufanya kazi moja ambayo wimbo wa Sontonga uliifanya siku ile ile ya kwanza: kutambulika mara moja na mtu asiye raia. Kenya ilitafuta wimbo wa kuwakusanya Wakenya, na ikafaulu. Tanganyika ilitafuta wa kuwaambia walio nje ya mipaka kwamba mlango uko wazi.

Na walikuja. Kongwa, kilomita zisizofika 100 kutoka Ipagala, Waingereza waliwahi kumwaga fedha nyingi mno kwenye mradi wa karanga kuanzia mwaka 1947, na mwaka 1951 wakauacha, ardhi ikiwa imewashinda. Kuanzia mwaka 1964 eneo lile lile liligeuka kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, na wapiganaji wa ANC wenyewe. Kijana aliyetoroka Johannesburg akavuka mipaka kwa kujificha alifika katikati ya nyika ya Ugogo na kukuta wenyeji, askari wao na watoto wao wa shule, wakisimama wima kwa tuni ambayo kule alikotoka ilikuwa ya chama kilichopigwa marufuku. Lugha hakuielewa. Wimbo aliuelewa.

Atakayesema kwamba ninaipamba historia anikumbushe mwaka 1969, na atakuwa na haki. Mwaka huo, katika hali ya wasiwasi juu ya njama za kuipindua serikali, wapiganaji wa ANC waliamriwa kuondoka Kongwa, na wengi wakahamishiwa Umoja wa Kisovieti. Kuimba wimbo mmoja hakukuzuia serikali kuwaogopa wageni wenye silaha, wala hakukuondoa manung'uniko ya maisha ya kambini. Ila uhusiano haukukatika. Mwaka huo huo ANC ilikuwa imefanya mkutano wake wa mashauriano Morogoro, na mwaka 1977 Tanzania iliipa ardhi ya Mazimbu, ambako ilijengwa shule ya watoto wa wakimbizi. Nchi nyingine nazo ziliuazima wimbo wa Sontonga. Zimbabwe iliutumia tangu 1980 kisha ikatunga wake mwaka 1994. Zambia inao tangu 1964, kwa maneno yanayoisifu Zambia. Afrika Kusini yenyewe ilipoutangaza kuwa wimbo wa taifa mwaka 1994, Watanzania walikuwa wamekwisha kuusimamia wima kwa miaka 33.