Kwa nini tairi la kashata linateleza kwenye barafu: safari ya tairi la baridi tangu 1934

Novemba mwaka jana binamu yangu anayeishi Edmonton, Kanada, alinitumia picha ya gari lake jipya (jipya kwake, maana lina miaka 12). Ni gari la porini hasa, linavuta kwa magurudumu yote manne, na limevalishwa matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa ambayo huku kwetu ungeyaona kwenye magari yanayokwenda machimboni. Chini ya picha akaandika: "Dogo, wewe si ndiyo unasoma mambo ya mpira? Na hizi nitavuka baridi, au ninunue nyingine?"

Jibu fupi: nunua nyingine. Jibu refu linaanzia Ufini.

Kuna mji unaitwa Nokia. Ndiyo, jina ni lile lile la simu yako ya tochi: kiwanda cha mpira cha huko na kampuni iliyokuja kutengeneza simu viliungana mwaka 1967, na biashara ya matairi ikajitenga tena 1988. Mwaka 1934 kiwanda hicho kilitoa tairi la malori lililoitwa Kelirengas, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa tairi la kwanza la baridi duniani. Barabara za enzi hizo hazikusafishwa theluji kama leo, kwa hiyo shida ya dereva ilikuwa moja: lori linazama. Suluhisho likawa meno mapana yaliyokingama, yanayochimba theluji kama jembe. Miaka miwili baadaye, 1936, likaja la magari madogo, Lumi-Hakkapeliitta. Lumi ni theluji. Hakkapeliitta walikuwa wapanda farasi wa Kifini katika jeshi la Sweden, karne ya 17.

Tuishikilie hoja ya 1934, kwa sababu ndiyo iliyomponza binamu. Kwa hoja hiyo theluji ni kitu cha kuchimba, sawa na tope, na tairi bora ni lenye meno makubwa zaidi. Hata alama ya M+S ambayo utaiona ubavuni mwa matairi mengi, ikimaanisha matope na theluji, ina mawazo hayo hayo. Kule Amerika Kaskazini kiwanda huweka alama hiyo kwa kuangalia umbo la meno na nafasi kati yao tu. Hakuna anayelazimika kulipeleka tairi kwenye theluji kwanza!

Sasa, miji ilianza kusafisha barabara. Theluji nene ikaondolewa, ikabaki tabaka jembamba ambalo magari hulisugua mpaka linakuwa barafu inayong'aa kama kioo. Hapo jembe halina cha kuchimba. Kinachobaki ni mpira kugusa barafu, na swali linahama kutoka kwenye umbo kwenda kwenye kemia.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja kwa salfa. Kukiwa na joto, minyororo inacheza, kwa hiyo mpira unajikunja na kuingia kwenye vinundu vidogo vya barabara. Ukiupoza, inapunguza kucheza, na ukizidi kuupoza unakuwa mgumu kama plastiki. Wengi mnajua ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986: pete ya mpira ilipoteza unyumbufu asubuhi ya baridi, na Richard Feynman akalionyesha hilo kwa kipande cha mpira na glasi ya maji ya barafu. Tairi la kawaida linaugua ugonjwa huo huo polepole. Wauzaji wengi hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka, ingawa ukweli ni kwamba halibadiliki ghafla kwenye namba moja.

Tairi la kashata lina balaa mbili. Mpira wake mara nyingi huchanganywa uwe imara ili usichanwe na mawe, na meno yake ni machache yenye mapengo makubwa, hivyo mpira unaogusa barafu ni mdogo. Na gari kuvuta kwa magurudumu manne? Linasaidia kuondoka. Kwenye kusimama halikupi kitu, kwa sababu hata kigari kidogo kinachovuta kwa mbele kina breki kwenye magurudumu yote manne. Ubaya wake ni kwamba likiondoka vizuri, unadhani litasimama vizuri.

Jaribio la kwanza la kuishinda barafu lilikuwa misumari. Mwaka 1961 Wafini hao hao walitoa Hakkapeliitta yenye misumari midogo ya chuma kigumu. Ilishika kwelikweli, lakini ilikula lami. Ujerumani Magharibi ikaipiga marufuku 1975. Katika mji wa Sendai, Japani, vumbi la lami iliyosagwa likawa kero ya afya ya watu, na mwaka 1990 nchi ikapitisha sheria ya kuibana.

Kumbe wakati huo mbadala ulikuwa tayari. Mwaka 1988 Bridgestone ilianza kuuza Blizzak huko Japani: mpira laini wenye vitundu vidogo sana vinavyonyonya utando wa maji ulio juu ya barafu, maana utando huo ndio unaotelezesha. Juu ya hapo kuna mikato myembamba kwenye kila jino. Wazo hilo lilianzia kwenye viatu. Mmarekani John Sipe alipata hataza yake mwaka 1923. Kila mkato ni ukingo mmoja zaidi wa kung'ang'ania.

Alama nayo ikabadilika. Tangu 1999 kuna mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na ili kuipata tairi hupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa. Kipimo chenyewe ni cha theluji, si cha barafu. Ulaya iliongeza alama ya barafu mwaka 2021.

Niseme kitu kimoja kuwatetea wapenzi wa matairi makubwa. Kule Iceland watu hupanda barafuto kwa matairi ya inchi 38 wakipunguza upepo hadi PSI 3 au 4, tairi linatandazika na gari linaelea juu ya theluji laini. Hiyo ni fizikia safi. Ila binamu yangu haendi kwenye barafuto, anakwenda kazini.

Nilimwambia atafute yenye alama ya mlima, mpira laini, mikato mingi, na yawe membamba kidogo kuliko aliyonayo ili yapenye theluji ya mjini yafike chini. Wiki iliyofuata akatuma picha nyingine. "Nimefunga. Na hizi za kashata nizitupe?"

Azitunze stoo, nikamjibu. Mei tope litarudi.