Michezo Miwili ya Mwaka 1997 na Swali la Uwajibikaji

Katika mijadala kuhusu michezo ya kompyuta ya fantasia na bunilizi za kisayansi, husemwa kwamba Mjapani husimulia majaaliwa na Mmagharibi husimulia uhuru wa mtu binafsi, kwa kuwa ndivyo tamaduni zao zilivyo. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Tuitazame historia.

Chimbuko la pande zote mbili ni moja: Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambamo kila mchezaji huvaa uhusika. Mwaka 1981 zikafuata Wizardry na Ultima, za kompyuta. Yuji Horii, Mjapani aliyevutiwa na michezo hiyo, alibuni Dragon Quest mwaka 1986 kwa mashine ya Nintendo ya kuunganishwa na televisheni. Aliikusudia hadhira pana, hivyo akaurahisisha mchezo na kuifanya hadithi iwe kiongozi wa mchezaji.

Kufikia mwaka 1997 njia zilikuwa zimeachana. Katika Final Fantasy VII ya Japani, kampuni ya Shinra inanyonya uhai wa sayari ili kuzalisha nishati. Inapoangusha sehemu ya jiji juu ya makazi ya maskini, mchezaji hana uwezo wa kuizuia. Aerith naye atakufa, upende usipende. Katika Fallout ya Marekani, dunia imeteketezwa kwa vita vya nyuklia, na mchezaji huchagua upande katika mvutano wa mji wa Junktown kati ya kiongozi wake na tajiri wa kamari. Mwishoni huonyeshwa mji ulivyokuwa kutokana na matendo yake.

Hata hivyo, mpaka huu unavukika: Chrono Trigger ya Japani, ya mwaka 1995, ina miisho mingi.

Kwangu, hapa pana somo la uraia. Fallout yatukumbusha kwamba uamuzi wa mtu mmoja waweza kuujenga mji au kuubomoa. Final Fantasy VII yatukumbusha kwamba yako madhara yatokanayo na mfumo, ambayo wema wa mtu mmoja hauyazuii. Anayeshika funzo la kwanza pekee atamlaumu maskini kwa umaskini wake. Anayeshika la pili pekee atatia sahihi dhuluma, kisha ajifiche nyuma ya mfumo. Mtumishi wa umma na mwanaharakati wanayahitaji yote mawili.