Photoshop, GIMP na Kufuli la Mwenye Nyumba

Kuna swali naulizwa mara kwa mara: ni programu gani ya kuhariri picha inaweza kuchukua nafasi ya Photoshop bila kudaiwa pesa kila mwezi? Jibu la haraka ni kwamba zipo, tena si moja. Lakini mwenye studio kule River Road, au msanii wa mabango anayefanyia kazi chumbani kwake hapa Muthangari, hashikwi na programu. Anashikwa na faili. Tuitazame historia kidogo tuone ilikuwaje.

Mwaka 1987 Thomas Knoll, aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alianza kuandika programu ndogo ya kuonyesha picha kwenye Macintosh yake. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya picha za sinema, akaona kuna biashara hapo. Adobe wakachukua leseni, na Photoshop 1.0 ikatoka Februari 1990.

Jambo kubwa lilikuja mwaka 1994 na toleo la 3.0. Hilo lilileta matabaka: picha juu ya picha, kila moja unaweza kuisogeza au kuifuta bila kugusa nyingine. Tangu hapo faili ya PSD ikawa na thamani kuliko picha inayoonekana. JPEG ni chapati iliyokwisha kuiva. PSD ni unga, maji na mafuta vikiwa bado kando kando. Mteja akirudi baada ya mwaka mmoja akitaka jina libadilishwe kwenye kadi ya harusi, ni PSD inayokuokoa.

Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza GIMP, programu huria. Toleo 1.0 lilitoka mwaka 1998. (Baadaye wawili hao walisaidia kuanzisha kampuni ya hifadhidata yenye jina la mende, Cockroach Labs, lakini hayo ni ya siku nyingine.) GIMP ilikuwa na faili yake, XCF, ambayo mtu yeyote anaweza kusoma msimbo wake na kuandika programu ya kuifungua. Na ilikuwa ya bure. Kwa nini basi haikulishika jiji la Nairobi?

Mimi naona sababu ni kwamba Photoshop nayo ilikuwa "ya bure" mjini. Photoshop CS6 ya mwaka 2012 iliuzwa dola 699, karibu shilingi 59,000 kwa kiwango cha wakati huo. Wangapi wangelipa? Nakala za wizi zilizunguka kwenye CD, kisha kwenye flashi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu, lakini sheria ni kitu kimoja na duka la vichochoroni ni kingine. Watu wanafikiri wizi huo ulimuumiza Adobe peke yake. Nadhani aliyeumia zaidi ni GIMP. Kijana alijifunza Photoshop ya wizi, akaajiriwa akiijua Photoshop, akampelekea mchapishaji PSD, na mchapishaji naye akazoea kupokea PSD. Mazoea yana taabu.

Sasa tuingie jikoni kidogo. Ukiifungua PSD kwa programu ya kusomea baiti, herufi nne za kwanza ni 8BPS. Ukishuka unakuta maelezo ya matabaka, na mwishoni kabisa kuna picha moja iliyokwisha kuunganishwa. Ndiyo maana neno "inafunguka" linadanganya. Programu inaweza kusoma ile picha ya mwisho tu, nawe ukadhani umefungua faili yote. Nyingine inasoma matabaka, lakini maandishi yanageuka picha, kwa hiyo huwezi tena kusahihisha jina la bwana harusi. GIMP iliishi na kasoro hiyo kwa miaka mingi. Kufungua sawasawa ni kuikuta kazi kama ulivyoiacha.

Halafu ikaja Mei 2013. Adobe walitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena: utalipa kila mwezi, ukiacha kulipa programu inafungwa. Septemba mwaka huo wakaleta mpango wa wapiga picha wa dola 9.99 kwa mwezi, kama shilingi 870 hivi. Si pesa nyingi, utasema. Lakini ilitakiwa kadi ya benki yenye kulipa nje. M-Pesa ilipata kadi yake ya Visa ya mtandaoni Juni 2022 tu. Na dola haikutulia. Januari 2024 ilifika shilingi 160, na zile dola 9.99 zikawa karibu shilingi 1,600. Studio haikuongeza hata picha moja, na kodi ilikuwa imepanda.

Wapangaji wa Nairobi wanajua mwenye nyumba akikufungia mlango kwa kufuli huwa inakuwaje. Nyumba ni yake, sawa. Lakini kitanda, sufuria na vitabu vya watoto ni vyako, na vyote viko ndani. PSD zako ziko hivyo hivyo. Zimekaa kwenye diski yako, lakini anayezifungua vizuri ni yule unayemlipa. Oktoba 2019 Adobe walitangaza watafunga akaunti zote za Venezuela kwa sababu ya amri ya serikali ya Marekani. Walibatilisha mwezi huo huo baada ya kupata kibali, lakini wasanii wa huko walikuwa wameonja.

Wapinzani walielewa kwamba vita ni vya faili. Photopea, kazi ya Ivan Kutskir, inafanya kazi ndani ya kivinjari na inasoma PSD vizuri ajabu, bila faili kutoka kwenye kompyuta yako. Affinity Photo ilikuja mwaka 2015 kwa dola 49.99, unalipa mara moja basi. Lakini Canva waliinunua kampuni yake Machi 2024, na Oktoba 2025 Affinity mpya ikatolewa bure, ila sharti uwe na akaunti ya Canva. Bure ni nzuri, lakini mlango bado ni wa mtu mwingine. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, ikiwa na vichujio unavyoweza kuvibadilisha baadaye bila kuharibu picha. Imechelewa, ndiyo. Lakini hakuna wa kuifunga.

Kinachonishangaza ni kwamba Adobe hao hao waliiachia PDF ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, na haikuwafilisi. PSD hawakuiachia. Maelezo yake wameyachapisha, lakini uamuzi wa kuibadilisha ni wao.

Ushauri wangu ni huu. Kama Photoshop inakulipa, ilipie bila aibu. Lakini kazi ikiisha, weka nakala ya TIFF au PNG ya ubora kamili, na andika maandishi yote na majina ya fonti kwenye faili ya kawaida ya maandishi. Kisha, kabla hujasitisha malipo na si baada yake, chukua PSD zako kumi za zamani uzijaribu kwenye GIMP na Photopea. Angalia maandishi, angalia matabaka. Zile zinazokataa ndizo deni lako halisi. Zibadilishe ukiwa bado na ufunguo.

Ukikwama, niandikie.