Mwakilishi wa Mgogoni

Kila uchaguzi tangu 1995, sisi Wapemba wa Mlandege tulifunga maduka tukiomba salama. Novemba 5, 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, lakini mapatano yao hayakuwa sheria. Aliyeyapeleka Barazani ni mwanasheria wa kwetu, Mheshimiwa Abubakar Khamis Bakary, Mwakilishi wa Mgogoni na Kiongozi wa Upinzani. Hoja yake binafsi ilipita Januari 2010, CCM na CUF pamoja. Julai 31 wananchi wakapiga kura ya maoni: asilimia 66.4 ndiyo. Mimi mhasibu, husoma na safu ya pili: 33.6 walikataa, na wao ni majirani zetu. Novemba akawa Waziri wa Katiba na Sheria.