Santuri za benga: Uchague mashine ya zamani au ya kisasa?

KATIKA baadhi ya nyumba za Kisumu, Siaya na Homa Bay bado kuna masanduku ya santuri za miaka ya 1960 na 1970 ambazo hazijachezwa tangu kaseti ilipotawala soko.

Humo mna kazi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi, na Victoria Jazz ya Collela Mazee na Ochieng' Nelly. Nyingi ya nyimbo za enzi hiyo zilitolewa kwa santuri ndogo za kasi ya 45, nusu ya wimbo upande mmoja na nusu upande wa pili, na hazikuwahi kuhamishiwa katika CD. Santuri ikiharibika, huenda wimbo nao ukatoweka.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuzisikiliza tena nyumbani hana budi kuchagua mashine kwa uangalifu. Makala haya yanalinganisha mashine za zamani na za kisasa za aina moja: zile ambazo mota huzungusha sahani moja kwa moja, bila ukanda wala gurudumu la mpira.

Ubora wa mota ya moja kwa moja

Mashine zilizotangulia zilitumia mpira kupeleka nguvu ya mota kwenye sahani. Mpira hulegea na kupasuka kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto.

Isitoshe, kasi ya nyingi kati ya mashine hizo hutegemea mapigo ya umeme. Mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, ikitumiwa na umeme wa Kenya wa hezi 50, huzunguka polepole kwa takriban asilimia 17. Sauti ya mwimbaji huwa nzito na gitaa hukokota.

Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo siku hizi huitwa Panasonic, iliondoa matatizo hayo ilipoingiza sokoni Technics SP-10 mwaka 1970. SL-1200 ilifuata mwaka 1972, kisha SL-1200MK2 mwaka 1979. Hii ya mwisho hudhibiti kasi kwa fuwele ya kwatzi, kama ile ya saa ya mkononi, na mapigo ya umeme wa nyumbani hayana athari kwake.

Uzalishaji wa SL-1200 ulikoma mwaka 2010, ukafufuliwa mwaka 2016 kwa mota mpya isiyo na kiini cha chuma. Kampuni nyingine nazo ziliingia uwanjani, zikiwemo Pioneer kwa PLX-1000 mwaka 2014 na Audio-Technica kwa mashine za nasaba ya LP120.

Vipimo vyasemaje?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mashine mpya ni bora kuliko kuukuu. Vipimo vya watengenezaji wenyewe havikubaliani na dhana hiyo. Kuyumba kwa kasi kwa SL-1200MK2 ni asilimia 0.025. PLX-1000 hutajwa kuwa haizidi asilimia 0.1, na AT-LP120X asilimia 0.2. Technics za kisasa, kama SL-1200GR, zina kipimo kile kile cha mwaka 1979, lakini bei yake ni zaidi ya maradufu ya LP120X.

Hata hivyo, sikio hugundua kuyumba zaidi katika noti ndefu, kama za saksafoni au piano, kuliko katika noti fupi za haraka za gitaa la benga. Kwa msikilizaji wa benga, tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Udhaifu wa mashine ya zamani ni umri. Kapasita zake hukauka, na baadhi ya vipuri vya kielektroniki vya kudhibiti mota havitengenezwi tena. Nyingi zilitumika kwenye disko, na mkono wake huenda umelegea.

Kabla ya kulipa, washa mashine na utazame vitone vilivyo ukingoni mwa sahani. Kidhibiti kasi kikiwa sifuri, safu ya vitone vikubwa zaidi inapaswa kuonekana imesimama tuli. Kisha shika mkono wa mashine na uutikise polepole. Ukicheza kwenye egemeo lake, usinunue.

Hatari ya umeme

Mashine zilizouzwa nchini Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 120. Umeme wa Kenya ni volti 240. Kuiunganisha mashine ya Japani moja kwa moja ukutani ni kuiunguza.

Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Baadhi ya mashine zilizouzwa nje zina swichi ya kuchagua volteji. Zisizo nayo zahitaji transfoma. SL-1200MK2 haifikishi wati 20, hivyo transfoma ndogo ya wati 50 yatosha.

Hapa LP120X inaizidi ya zamani, kwa kuwa adapta yake hupokea umeme wa volti 100 hadi 240. Pia ina kikuza sauti cha ndani, hivyo huweza kuunganishwa na redio yoyote yenye tundu la kuingizia sauti. Ya zamani huhitaji amplifaya yenye tundu maalumu la santuri. Kwa zote, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika ni cha lazima.

Sindano ndiyo muhimu

Kinachogusa santuri ni sindano. Redio-gramu nyingi za kale zilikandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. Mkono mzuri wa mashine hizi, ya zamani au mpya, huhitaji takriban gramu 2 tu. Sindano iliyochakaa hukwangua mfereji wa santuri, na kilichokwanguliwa hakirudi. Sindano ya ncha ya mviringo ibadilishwe baada ya saa 500 hivi.

Wenye santuri nzito za kasi ya 78, zinazovunjika kama kigae, wakumbuke kwamba SL-1200MK2 haina kasi hiyo. LP120X na SL-1200GR zinayo. Lakini santuri hizo huhitaji sindano nene ya takriban mikroni 76, wakati za 45 hutumia ya mikroni 18 hivi.

Uamuzi

Mwenye fundi hodari wa vifaa vya kielektroniki na aliyepata SL-1200MK2 isiyochoshwa na disko, atakuwa na mashine ambayo mpya za bei nafuu haziifikii. Asiye na fundi, au mwenye santuri za 78, anunue mpya.

Kwa vyovyote vile, fedha za kwanza zitengwe kwa ajili ya sindano mpya. Na kabla ya kucheza santuri adimu mara kwa mara, irekodi kwenye kompyuta ikiwa bado haijakwaruzika. LP120X aina ya USB huunganishwa na kompyuta moja kwa moja.